Profesa wa Ubao wa Kikopey

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa bure na jamaa anayeuza dawa ya kupe. Lina picha ya ng'ombe mnene kwenye jalada na tarehe kila ukurasa. Wamuyu, mwenye bucha, alitaka kulifanya la oda. Nikamwambia mathe, watu wakubwa wote waliandika habari za siku zao, na mimi nikifa watu watataka kujua niliishi vipi. Akasema wakitaka kujua watauliza majirani.

Basi mnaotaka kujua, jueni. Mimi ni Naftaly, mchomaji nyama namba moja hapa Kikopey, na Kikopey ni namba moja Kenya nzima, hesabuni wenyewe. Nimefika Mombasa, Kampala, hata Juba nilipokuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa malori. Shule niliacha kidato cha pili, lakini shule haikuniacha. Kila neno la mtu mwenye akili nililolisikia redioni, kanisani, au nililolisoma kwenye gazeti la kufungia nyama, nimelishika. Na kila asubuhi naandika moja kwa chaki kwenye ubao ulioko mbele ya bucha. Bucha za jirani zinaandika bei. Sisi tunaandika hekima, bei unauliza ndani.

Watu wanacheka, lakini mimi najua neno ni nini. Miaka sita iliyopita nilikuwa mlevi wa kulala mtaroni. Nesi mmoja kule Nakuru akinishona kichwa aliniambia, "Chupa haijawahi kukuuliza habari za watoto wako." Hakupaza sauti, alikuwa anashona tu. Sijaonja tangu siku hiyo. Jina lake sikulijua, na kwa hiyo kwenye ubao huwa naandika: Nesi wa Nakuru.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua bado. Vumbi na mbuzi.

Jumamosi, 8 Machi

Kipchirchir amepita. Huyu ni dereva wa trela, anabeba mzigo Nairobi hadi Malaba, mara mbili kwa wiki anashuka kula mbavu kwangu. Jitu refu la maneno machache, na ndiye mteja wangu mkubwa wa ubao: hula akiwa ameutazama, halafu anaupiga picha na simu. Leo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Kwao ni Rongai, ile ya mbele ya Nakuru, kando ya barabara kabisa, na nilikuwa najua tu kwamba yeye na baba yake hawasemezani. Leo akaniambia mzee amemtumia salamu, anamwita nyumbani. Akasema safari ijayo huenda akasimamisha gari. Nikamwongezea mfupa wa bure.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeamka vizuri, nikaharibiwa siku saa moja asubuhi. Ndugu yangu Muiruri amenipigia kutoka Subukia. Miaka saba hatujaongea, halafu anapiga kama mtu anayeuliza bei ya mahindi. Anasema wanataka kusakafia kaburi la mama baada ya mvua, nije.

Niandike ukweli kwa sababu daftari ni langu. Siku ya kumzika mama nilifika nimelewa. Muiruri alinishika kola mbele ya watu wote, akanitoa hadi nje ya lango, akafunga na mnyororo. Udongo wa mama sikuutupa. Sawa, nilikuwa nimelewa. Lakini nilikuwa mtoto wake.

Nilikata simu bila kuaga. Nikachukua chaki, na hekima ya watu wote ninaowajua haikunitosha. Nikaandika yangu:

"Mlango ukifungwa na aliyeujenga, usibishe hodi. Tafuta nyumba yako."

Nikaona nikiweka jina la mchoma nyama hakuna atakayeheshimu. Nikaweka: Profesa Sydney Ogada. Sydney ni mji, uko mbali. Ogada ni fundi aliyetutengenezea jiko. Wamuyu alisoma, akauliza huyo ni nani. Nikasema mwanafalsafa mkubwa, anafundisha ng'ambo.

Jumatano, 12 Machi

Sijawahi kuandika ubao uliopendwa kama ule wa jana. Gari sita zimesimama kuupiga picha. Mama mmoja wa Nairobi amenakili kwenye kitambaa cha mezani. Kipchirchir alikaa mbele yake mpaka ugali ukapoa. Akaniuliza kama huyo Profesa ana maneno mengine. Nikamwambia anayo mengi, vitabu vitatu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza, ile ya kweli. Ubao nimeuingiza chini ya paa.

Jumamosi, 29 Machi

Profesa anaendelea. Wiki hii amesema, "Damu ni maji yenye rangi, heshima ndiyo undugu." Leo amesema, "Anayekuita baada ya kukufukuza amepungukiwa na mfanyakazi." Hiyo ya pili nilimtungia Muiruri. Kipchirchir aliicheka hadi akakohoa. Nilimuuliza kama aliwahi kusimama Rongai. Akasema hapana, Profesa amemwokolea mafuta.

Nililichukua kama mzaha.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Wakatoliki hawali nyama, Waprotestanti wamenyeshewa. Mimi na Wamuyu tumekula mbuzi wa kilo mbili peke yetu kwa huzuni kubwa.

Jumatatu, 5 Mei

Muiruri amepiga tena. Sikushika.

Jumatano, 14 Mei

Mvua tangu alfajiri, barabara imejaa ukungu, malori yanatambaa na taa. Saa tano hivi aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti limelowa, viatu mkononi. Sikumjua. Hakutaka nyama. Aliuliza kama hapa ndipo penye ubao.

Nikajivuna. Nikamwambia ndipo, dada, na aliyeishika chaki ndiye huyu.

Alitoa simu akanionyesha. Ni picha ya ubao wangu. Akasogeza kidole, picha nyingine. Nyingine tena. Zote za Profesa, tangu Machi. Akaniambia jina lake ni Jepkemei, dada ya Kipchirchir, ametoka Rongai. Baba yao, Mzee Kiplimo, ana saratani ya koo. Tangu Februari chakula kinapita kwa shida, sasa hata uji ni wa kijiko. Yeye humpigia ndugu yake kila wiki amwombe aje, na kila wiki ndugu yake hamjibu kwa mdomo. Humtumia picha.

Nilimwambia akae. Nikamletea supu, hakuigusa.

Aliyonieleza nitayaandika kama alivyoyasema. Miaka minne iliyopita Kipchirchir aliuza fahali wa mzee bila ruhusa, apate pesa ya kusomea leseni ya malori makubwa. Mzee alimwita mbele ya wazee wa ukoo, akamkana. Ni neno zito kwao, halitupwi ovyo. Halafu mzee akaugua na moyo ukamgeuka. Ana wana watatu, na kwa desturi yao mzee akikaribia kwenda huwaita wanawe akawaachia maneno: nani atashika nini, nani amsamehe nani, wakae vipi akiwa hayupo. Akianza na mkubwa. Kipchirchir ndiye mkubwa. Wale wadogo wawili wamekaa kando ya kitanda mwezi mzima, na mzee amekataa kuwaambia lolote. Kila akisikia trela barabarani hugeuza kichwa. Sauti yake inakwisha, kila siku kidogo.

"Mwezi wa tatu aliniambia anakuja," Jepkemei akasema. "Nilikuwa nimeshachinja kuku. Halafu akanitumia hiyo ya mlango."

Mimi nilikuwa natazama supu.

Akaniuliza Profesa Ogada anapatikana wapi. Alikuwa amefikiria njia nzima. Ndugu yake hasikii mtu mwingine sasa, wala pasta wala mjomba, ila huyu Profesa. Kama ningempa namba yake, angempigia amwombe neno moja tu la kumrudisha mtu nyumbani. Watu wa akili, akasema, hawawezi kukosa.

Hapo ndipo mwanaume angesema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, hapakuwa na mteja. Nikamwambia Profesa yuko ng'ambo na simu yake ni ngumu kupatikana, lakini nitamtafuta. Alinishukuru, akachukua namba yangu, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Mikono baridi kama ya mtu aliyefua.

Alhamisi, 15 Mei

Sikulala. Lakini nimepata njia. Profesa aliyefunga mlango ndiye ataufungua. Asubuhi nimeandika: "Hata mlango uliofungwa una bawaba. Rudi kwa baba yako." Profesa Sydney Ogada. Nikaona nimemaliza kazi, tena kwa ustadi.

Jumamosi, 17 Mei

Kipchirchir amekuja. Nilimchagulia mbavu nzuri, nikamkalisha usoni pa ubao. Akasoma. Akala. Hakutoa simu. Akiondoka akaniambia, "Profesa wako naye amehongwa. Wote huanza vizuri, halafu wanalegea." Akapanda gari.

Kumbe neno likishaingia kwa mtu si lako tena. Huwezi kulifuata ndani ukalitoa kwa neno lingine.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Wamuyu yote. Nilitarajia anitukane. Aliendelea kukata vitunguu vya kachumbari muda mrefu. Mwisho akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna Profesa, kwa sababu Profesa anakosea herufi zilezile ninazokosea mimi. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema wateja walikuwa wanaongezeka.

Halafu akasema, "Huyo mtu umemkalia kwa lango la baba yake, Naftaly. Toka umpishe."

Jumanne, 20 Mei

Kipchirchir hajapita. Jepkemei amepiga, anauliza kama nimempata Profesa. Mzee sasa anaongea kwa kunong'ona, saa za asubuhi tu. Nikasema namtafuta. Nimezima simu.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Hajapita.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika haya nikiwa Rongai, jikoni kwa watu, wino unaruka kwa sababu mkono umechoka. Niandike kabla sijaanza kujipamba.

Saa mbili asubuhi trela lilisimama. Sikungoja ashuke. Nilivua aproni, nikamwambia Wamuyu achome mwenyewe, nikapanda upande wa tanboi na kufunga mlango. Kipchirchir aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamwambia twende, nina shughuli huko mbele.

Nilipanga kumwambia kabla harufu ya nyama ya Kikopey haijaisha. Tukapita mzani wa malori, nikamsifia gari. Tukapita Mbaruk, nikamweleza habari za Juba. Nakuru tukaipita nikiwa bado Juba. Mimi ambaye siwezi kunyamaza msibani, leo nilikuwa naongea ili nisiseme. Tulipoacha mji nyuma, mvua ikatulia kidogo, na nikajua kilomita zimebaki chache, na kwamba atapita lango lile kama alivyolipita mara mbili kwa wiki masika yote.

Nikamwambia, "Kipchirchir, hakuna Profesa Ogada."

Akacheka. Akasema ana vitabu vitatu.

"Hakuna kitabu. Ni mimi. Ogada ni fundi wa jiko letu."

Wipa zilikuwa zinapiga kioo kikavu, hakuzizima. Nikaendelea, maana nikisimama nisingeanza tena. Nikamwambia maneno yale hayakuwa ya hekima, yalikuwa ya hasira. Kwamba niliyaandika asubuhi niliyopigiwa simu na ndugu yangu, mtu aliyenitoa kwenye mazishi ya mama yangu, na sikuwa na uwezo wa kumpiga nikampiga kwa chaki. Kwamba mlango ule haukuwa wa baba yake, ulikuwa lango la Subukia. Kwamba sikumjua Mzee Kiplimo wala koo lake. Kwamba dada yake alikuja wiki iliyopita akiwa amelowa, nikamdanganya na yeye.

Alikanyaga breki. Trela zima likalia, likasimama nusu kwenye lami nusu kwenye matope. Akashika usukani na kutazama mbele.

"Nimekaa na hayo maneno miezi miwili," akasema. "Usiku naendesha nayajirudia. Nilikuwa naona kuna mtu mkubwa mahali fulani, amesoma, amenielewa."

"Nilikuwa nimeelewa yangu tu, boss."

"Nyamaza."

Gari lililokuwa nyuma likapiga honi, likatupita. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, nilishavua kofia. Badala yake akauliza, kwa sauti ndogo isiyo ya mwili ule, kama mzee bado anaweza kuongea. Nikamwambia asubuhi tu. Tukatazama saa wote wawili. Ilikuwa saa nne na robo.

Sijawahi kuona trela likikimbia vile, na nimefika Juba.

Nyumbani kwao ni hatua chache tu kutoka barabarani. Hakutafuta mahali pa kuegesha. Alilitupa gari kando, akaruka, akaacha mlango wazi na injini ikiunguruma. Jepkemei alitoka jikoni na sufuria, akaona, akaiweka chini polepole kama kitu cha kuvunjika. Kipchirchir alipita kati yake na mimi akainama kuingia, maana mlango ule ni mfupi kwake.

Nilibaki kizingitini. Mzee alikuwa kitandani karibu na dirisha, mwembamba, blanketi likimshinda. Kipchirchir alipiga magoti. Mzee hakumtazama kwanza. Alikuwa anatazama nje dirishani. Akanyanyua kidole akanong'ona kitu kwa Kikalenjin. Mimi hujisifu kwamba Kikalenjin nakijua, lakini kwa kweli najua kusalimia na kuitisha maziwa. Jepkemei aliweka mkono mdomoni, mabega yakamtikisika, na sikujua ni kicheko au ni nini.

Nilimuuliza amesema nini.

"Amemwambia atoe gari kwa maharagwe ya watu."

Nikageuka. Kweli, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamelala juu ya maharagwe ya jirani, yaliyopandwa kando ya barabara. Kipchirchir akainuka palepale, jitu zima, akatoka mbio kama mtoto aliyetumwa dukani. Akalisogeza gari. Aliporudi alikuwa analia wazi, hajifichi. Mzee akampisha mahali pa kukaa kitandani. Akawaita wale wadogo wawili. Jepkemei akafunga mlango, mimi nikabaki nje na kuku.

Mazungumzo yalichukua mpaka saa sita. Waliyoambiwa sikuyasikia na sitayauliza. Hayo si ya ubao.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerudi kazini. Wamuyu amechoma vizuri kuliko nilivyotaka kusikia. Ubao nimeufuta. Wateja wanauliza Profesa yuko wapi. Nawaambia alikuwa ni mimi, na nilikuwa nadanganya. Wengi wanacheka wanadhani ni utani mpya. Inanibidi niwaambie mara mbili.

Jumatano, 28 Mei

Mvua ya mawe. Kipchirchir hajapita, yuko likizo bila malipo, yuko nyumbani.

Jumamosi, 31 Mei

Mzee Kiplimo amefariki leo alfajiri. Jepkemei ndiye aliyenipigia. Alisema jana aliongea mpaka saa tatu, halafu akaomba apumzike.

Ijumaa, 6 Juni

Mazishi. Nilienda bila kuitwa, na beseni mbili za nyama alizotoa Wamuyu, nikajipeleka moja kwa moja kwenye masufuria nyuma ya nyumba. Mtu kama mimi mahali pake msibani ni motoni. Kulikuwa na matope hadi magotini na hema moja linavuja.

Walimwita Kipchirchir aongee kama mtoto mkubwa. Nilisimama na mwiko mkononi. Nilijua ana haki ya kunitaja jina, na niliamua hata akinitaja sitatoroka.

Hakunitaja. Alisimama, akasema:

"Mimi baba alinipa siku tisa. Kila asubuhi aliniambia kitu. Siku ya mwisho aliniambia hajafika nusu. Alikuwa ameniwekea ya tangu mwezi wa tatu."

Akakaa.

Watu walidhani ameshindwa na machozi, wakaimba. Mimi nilirudi kwenye sufuria nikakoroga nyama ambayo haikuhitaji kukorogwa. Siku tisa. Tangu tarehe 12 Machi mpaka 22 Mei nimezihesabu njiani nikirudi, ni siku sabini na moja. Mzee alikuwa na maneno, mwana alikuwa na gari, na katikati nilikaa mimi na kipande cha chaki.

Jioni, kabla sijaondoka, Kipchirchir alikuja nyuma ya nyumba. Alichukua kipande cha nyama sufuriani kwa vidole, akala akiwa amesimama. Akasema imeiva. Ni hilo tu tuliloongea. Sikuomba msamaha tena, ningekuwa namtwisha kazi.

Jumatatu, 9 Juni

Jua limetoka. Wamuyu ameandika bei ya maini kwenye ubao kwa mkono wake, na herufi zake ni mbaya kuliko zangu.

Saa nne nimempigia Muiruri. Alishika kabla haijalia mara ya pili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Nikamuuliza saruji mmeshanunua. Akasema bado, walikuwa wananingoja.